Mpira Ndio Unaotembea

Jumamosi, Nkuhungu. Kompyuta sita, wanafunzi kumi na tisa,
vumbi la Julai limelala juu ya vibonye;
herufi A imefutika, tunaijua kwa mahali pake.

Wiki ya kwanza walicheka: lugha gani hii inaitwa chatu?
Ya pili waligoma: kwa nini orodha ianzie sifuri?
Nikasema, sifuri ni hatua ulizopiga
kabla ya kumfikia wa kwanza.
"Basi mimi ni sifuri," akasema Ndahani, akabaki mlangoni.

Leo ni foleni. Nimeandika
kwa kipande cha chaki kilichobaki kama jino:

foleni.append("Sechelela")
foleni.pop(0)

Anayekuja anakaa nyuma, anayetoka anatoka mbele.
Haki tupu, nikasema, nikapangusa mikono.

Sechelela mwenyewe alichelewa. Sketi imelowa upande mmoja;
tangu saa kumi alfajiri yuko kioski cha maji.
Hakukaa. Aliutazama ubao
kama mtu anayehesabu chenji.

"Mwalimu, huyo wa mbele akishatoka,
waliobaki wanafanyaje?"
Wanasogea. Kila mmoja nafasi moja.
"Wote?"
Wote.
"Hata wakiwa elfu? Kila anapotoka mmoja?"

Nje mashine ya kusaga ilisaga peke yake.

"Sisi tuliacha. Bibi Mamwaja ana mgongo,
dumu akishalitua halisogezi tena.
Madumu yanakaa palepale.
Mpira ndio unaotembea."

Akaniomba chaki. Akachora visanduku nane,
hakusogeza jina hata moja;
akachora kidole
kikiruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule,
na kilipogota mwisho wa mstari
akakirudisha mwanzo,
kwenye nafasi za waliokwisha kuondoka.
"Mgeni anakaa hapa."

Mimi jambo hilo nilifundishwa mwaka wa pili wa chuo,
kwa slaidi, kwa lugha ya watu.
Nilikariri. Nilifaulu.
Nililisahau kabla matokeo hayajabandikwa.

Tukaandika. Chatu akatema mara mbili:
mmoja kasahau nukta pacha, mwingine kajongeza mstari vibaya.
Mara ya tatu akameza.
Ndahani alitoka mlangoni kuja kuona.

Saa saba, nikirudi, nilipitia kioskini.
Madumu ya njano, mstari hadi kwenye ua wa kanisa,
hakuna aliyekuwa akiburuta kitu.
Mpira mweusi ulitambaa juu yake,
dumu kwa dumu,
bila haraka.