Bata Kati ya Saba na Nane

Orodha ilikuwa inapanda vizuri.
Nyanchama wa duka la unga, mia tano.
Halkano wa lango, mia mbili, nyingine mwisho wa mwezi.
Fundi Kisilu. Mama Tegla na wanawe.
Kila mtu anainakili, anaongeza jina chini,
anaweka viganja viwili vilivyokutana,
kama watu wanaopokezana matofali ngazini
hadi ghorofa ya sita, kwa mjane.

Wabwire alikuwa mochari, siku ya tatu.
Busia ni mbali, na tangi la gari halijazwi kwa pole.

Saba: Nekoye, mia tatu.
Kisha mimi.
Bata.

Bata mweupe, sekunde kumi na nne,
akimkimbiza askari wa kanjo kuzunguka kibanda cha mahindi;
kofia inaanguka, bata anaikalia.
Nilikuwa namtumia ndugu yangu kule Athi River.
Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi.
Wahenga hawakuwa na simu.

Nikafuta. Kufuta ndiko kulikonimaliza:
pale alipokuwa bata pakabaki kibao,
*ujumbe huu umefutwa*,
kama doa la mafuta kwenye leso ya msiba.
Na watu thelathini na wanne walikuwa wameshaona,
maana Pipeline hatulali, tunangoja maji.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.
Wa nane akaandika jina lake bila viganja.
Halkano, ambaye kila alfajiri hututumia paka,
paka aliyenaswa mtungini, paka juu ya mizani ya bucha,
hata yeye akaandika: Ndugu, kuna mahali.
Nikajua nimeanguka hadi chini ya paka.

Halafu Mwalimu Muthengi, mstaafu, chumba cha kumi na moja,
asiyeandika ila kwa vina:

    *Kucheka sikukatazi, kila jambo na mahali,*
    *Penye tanga na machozi, bata hana serikali,*
    *Soma kwanza maombezi, ndipo ulete kejeli,*
    *Kidole chako ni mwizi, kifungiwe kwa kufuli.*

Asubuhi Nyanchama akabandika sheria.
Vichekesho ni Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni.
Soma juu kabla ya kutuma chini.
Si wakati wa mchango, si wakati maji yamepotea,
si siku landilodi ameongeza kodi
(hiyo, mtu akauliza, si ndiyo siku tunavihitaji?
Swali halikujibiwa).
Mpangaji mgeni asitanie kabla ya mwezi kuisha.
Paka wa Halkano waendelee, kwa sababu ya mazoea.

Nilituma elfu moja. Nilikuwa nimepanga mia nne.
Tofauti ni bei ya bata.

Wakaenda Busia, wakarudi.
Ngazini nilimpisha Mama Nafula nikitazama viatu vyake.
Nilikuwa na pole niliyoiandaa,
haikupata pa kutokea.

Wiki ya tano, usiku wa manane, na wala si Ijumaa,
simu ikawaka. Si kwenye kikundi. Kwangu.
*Ile ya bata. Bado unayo?*

Nikaketi kitandani. Nikasoma juu, kama sheria isemavyo:
juu hapakuwa na kitu, hatujawahi kuandikiana.
Nikamtumia bila neno.
Tiki mbili za kijivu. Tiki mbili za buluu.
Hakujibu.

Lakini chumba chake na changu vinagawana ukuta,
na kuta za ploti hii ni kuta kwa jina tu.
Kwanza nikasikia kelele za wanunuzi wa mahindi,
halafu kwaa, kwaa, kofia chini.
Kimya kidogo.
Halafu bata tena, kutoka mwanzo.
Halafu tena.