Pikipiki Zimeitwa

Ujumbe uliingia Jumanne, mvua ikinyesha,
kijiwe kizima, simu moja baada ya nyingine
zikilia kama vifaranga waliotupiwa chenga:
Ndugu mteja, chombo chako kirejeshwe kwa wakala.
Breki ya nyuma. Bila malipo.

Bila malipo! Lyatuu alicheka hadi akapaliwa.
Tangu lini kiwanda kikampa mtu wa Moshi kitu cha bure?
Lakini Jumatano saa moja asubuhi tulikuwa kwenye foleni,
hesabu ya bosi ikiliwa na jua,
kadi mkononi, tukifuta matope shingoni mwa pikipiki
tusome namba ambazo hatujawahi kuzisoma,
ndogondogo kama maandishi ya chupa ya dawa.

Kazi yenyewe dakika kumi na nane. Nilihesabu.
Fundi ni binti wa Kipare, Nakiete, ovaroli kaikunja mara tatu miguuni.
Alifungua gurudumu, akachomoa pini
isiyozidi kidole cha mwisho cha mtoto,
akaonyesha kwa ukucha: "Hapa. Umeuona ufa?"
Sikuuona. Akanigeuzia kwenye mwanga.
Nikauona.
Unywele.
Miaka miwili na nusu nimeshuka Kibosho
na mikungu minne nyuma, na mjamzito wa kuwahishwa KCMC,
na katekista, na jeneza moja tupu likienda kujazwa,
sote juu ya unywele huo.

Kila mtu alikuja na lake.
Mmoja yake ilikuwa ikilia kama mbuzi, wakamwambia aongeze grisi.
Mwingine ameshatengenezewa, amerudi kulalamika:
sasa inashika ghafla, kama mkwe anayedai salio la mahari.
Mama Ndeoya, mwenye pikipiki tatu na cherehani moja,
aliwahi kumkata dereva wake pesa ya miezi miwili
kwa kosa la kuua breki makusudi.
Alikaa kwenye benchi, mkoba magotini,
akihesabu kwa vidole kitu ambacho si fedha.

Saa tano akaingia Anaeli.
Kwa magongo. Bila pikipiki.
Foleni ikapasuka yenyewe, akapita.
Wote tulikuwepo siku ile kwenye kona ya Karanga.
Wote tulisema: mwendo. Mmoja akaongeza: mbege.
Aliyeongeza mbege ni mimi.

Aliweka kaunta kadi iliyolowa ikakauka.
"Angalia kama nimo."
Kijana akateremsha kidole kwenye orodha.
"Umo. Chombo kiko wapi?"
"Kiliuzwa kwa kilo."
"Basi siwezi kuweka tiki, kaka. Mfumo unataka chombo."
"Breki sina haja nayo," Anaeli akasema.
"Nataka tiki."

Feni ikazunguka. Hakuna aliyekohoa, hata Lyatuu.

Pini za zamani hazitolewi. Zinarudi kiwandani
zikiwa zimeandikwa, zimehesabiwa.
Nakiete akapangusa mikono, akazihesabu ndooni kwa sauti,
akakosea.
Akaanza upya, akakosea palepale,
macho hayako ndooni.

Sijui Anaeli ameiweka wapi. Sikumuuliza.
Nilimfuata hadi barabarani, nina neno moja kuhusu mbege,
neno limekaa kooni kama mfupa wa samaki,
nikasema: "Panda nikufikishe."
Akainama kidogo, akaitazama breki yangu mpya inavyong'aa.
"Nitatembea."

Siku hizi nashuka Kibosho na inashika, naapa inashika.
Ila mguu wangu wa kulia hauna habari na karatasi za kampuni.
Unakanyaga mapema, kona bado iko mbali,
unaachia, unakanyaga tena,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
ambayo anajua wenyewe wamo ndani.