Nembo

Fomu inauliza: Mahali ulipozaliwa.
Naandika Kitaya, kalamu haisiti.
Fomu inauliza: Mahali alipozaliwa mama.
Hapo wino hukauka.

Mama alivuka Ruvuma kafungwa mgongoni,
kaniki imelowa,
mwaka ambao ng'ambo walikuwa wanachoma maghala.
Hakuna aliyeugonga muhuri mgongo wa bibi.
Maji yalifika kiunoni, yakapungua, basi.

Mimi nimeimba wimbo wa taifa mstarini, pekupeku,
nikafaulu, nikapangiwa uuguzi Mtwara mjini.
Cheti cha kidato cha nne kilitosha kuniingiza chuoni.
Kunitoa hakitoshi:
leseni inataka namba, namba inataka cheti cha kuzaliwa,
cheti kinamtaka mama, na mama
anauza mihogo mibichi, mwaka wake haujui.

Nilikwenda Uhamiaji Jumanne, nimevaa sare,
nionekane mtu wa kazi.
Bwana Luambano si mtu mbaya. Alinipa kiti.
"Njia zipo," akasema, akaukunjua mkono.
Kidole cha kwanza, tajnisi. Akataja ada.
Nikacheka. Na yeye akacheka, kwa aibu.
Cha pili, kibali cha ukaazi,
ila kwanza uwe na pasi ya kule.
Kule wapi? Kule sijanywa hata maji.
Cha tatu, mwajiri akuombee kibali cha kazi,
aape kwamba kutoka Masasi hadi Mwanza
hakuna muuguzi ila Skolastika Nangale.
Cha nne, mashahidi waliomwona mama akijifungua.
(Mkunga wangu tulimzika mwaka wa mafuriko.)
Gumba hakulitaja. Lilibaki limesimama peke yake,
na simu ikaita.

Likizo nabangua korosho, ghala la nyuma kule Mkanaledi.
Msimamizi Chinduli haulizi karatasi, anauliza kilo.
Somoe, mwenye namba, hulipwa Ijumaa.
Mimi hulipwa "mzigo mwingine ukija."
Mafuta ya ganda yanakula ngozi.
Tunapaka majivu, tunapaka mafuta ya nyonyo, wapi!
Vidole vinakuwa vyeusi, vinachubuka,
kisha vinakuwa laini, kama kipande cha sabuni ya mwisho.

Machi mjumbe wetu wa shina aliniandikia barua:
nenda kajaribu, huwezi kujua.
Kijana wa mashine akalishika gumba langu, akalibonyeza kiooni.
Taa nyekundu.
Akalifuta kwa shati lake.
Nyekundu.
"Dada," akasema polepole, "wewe huna alama."

Bibi alikuwa nazo.
Chale mashavuni, mstari juu ya mstari, zimesuguliwa mkaa;
aliyekutana naye njiani alimjua ni wa ukoo gani
bila kufungua faili.
Nembo, aliziita.
Na neno ni hilohilo kwenye kichwa cha fomu:
bibi mwingine, na bwana, na ngao katikati,
miguuni pao karafuu na pamba.
Korosho haipo. Nimetazama sana.

Daktari wa ngozi anasema nikiacha kubangua
alama zitaota upya, wiki nne, labda sita.
Ada ya muhula inadaiwa baada ya mbili.

Leo niko zamu ya usiku, Ligula, wodi ya wazazi.
Saa tisa na dakika kumi amezaliwa wa kiume,
kilo tatu kasoro, analia kwa haki yake yote.
Mama yake kavuka juzi. Ameshika ncha ya aproni yangu
na ananiuliza, kwa Kimakonde cha bibi yangu,
kama kitabu hiki huwa kinatunzwa.
Ninaandika kwa herufi kubwa. Mahali: MTWARA.
Saa. Uzito. Jina la mama, nalirudia mara mbili nisikosee.
Aliyeshuhudia: S. Nangale, mwanafunzi.
Wino umevuja. Gumba langu limegusa ukingo wa ukurasa
na limeacha kitu pale.
Nalisogeza karibu na taa.
Doa tu.