Kikohozi cha Fisimaji

Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya kioo hiki
nikimtazama Niimura Tokuji akivua viatu.
Huviacha mlangoni, huingia na soksi,
kwani sakafu ya studio ina umbea.
Shati lake ni la pamba kuukuu, lisilochakacha,
na tumbo amelinyamazisha mapema kwa tonge la wali
lisije likanguruma katikati ya kilio cha mtu.

Alikuja Tokyo kutoka Akita na lafudhi ya theluji,
maneno nusunusu, mdomo ukiogopa baridi.
Wakamnyoosha ulimi.
Kazi yake ya kwanza: bawaba ya mlango.
Ya pili: mpita njia wa tatu.
Ya tatu: mpita njia wa tatu tena, safari hii maiti,
apumue kidogo kisha aache.

Baadaye akawasemea wageni wa filamu za mbali:
wapanda farasi, mapadri, daktari mmoja mlevi;
wakifumba kinywa, naye anafumba.
Kinywa ni jumba la maneno, sawa,
ila chake kilikuwa nyumba ya kupanga,
wapangaji mia tatu na ushee, kila mmoja na ufunguo wake,
na kodi haikulipwa kwa wakati.

Halafu akaja Fisimaji,
dereva wa tramu, kofia ya buluu,
katuni ya Jumapili asubuhi.
Mwaka wa pili, Februari, Niimura alikuwa na mafua.
Kabla ya kusema, "Pandeni, mlango unafungwa!"
kikamponyoka kikohozi kikavu: khu.
Akainama kuomba radhi. Kidole changu kilikuwa tayari kufuta.
Mwongozaji wetu, Bi Haneishi, sasa marehemu,
akanishika mkono.
"Acha. Huyo ndiye."
Maua yalipochanua, watoto nchi nzima
walikuwa wakikohoa kabla ya kupanda basi la shule.

Uso wake hakuna aujuaye.
Sokoni hununua figili kwa kunyoosha kidole,
maana akiuliza bei tu, muuzaji huangusha kisu.

Mimi sauti yake naiona.
Hupita kwenye skrini, safu ya milima ya kijani,
na miaka mitatu iliyopita milima ikaanza kuwa vilima.
Mwisho wa sentensi, penye pumzi, pakawa na ufa.
Nikaziba kwa pumzi zake za zamani,
hii ya mwaka wa tisa, hii ya mwaka wa kumi na nne,
bila kumwambia.
Alijua. Asubuhi moja nilikuta machenza mawili
juu ya mashine yangu, yameshamenywa.

Leo ameketi upande wangu wa kioo,
viatu vyake miguuni.
Mle ndani Sugimachi Orie, miaka ishirini na saba,
anatafuta kikohozi.
Anakitoa kooni: sicho.
Anakitoa kifuani: sicho.
Anakunywa maji, anaomba msamaha, anaanza upya.
Niimura anaegemea kipaza sauti changu:
"Usikohoe, binti. Jizuie kukohoa. Ushindwe."

Kimya.
Khu.

Kwenye skrini kikainuka kilima kimoja,
kigeni, chenye ncha, hakifanani na chochote nilichokihifadhi.
Niimura akajipapasa mifuko yote kutafuta leso.
Nikampa kitambaa cha kufutia mitambo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe, Fusae.
Usiku ule mzee alikohoa sebuleni,
naye, akikata vitunguu, akauliza kama aulizavyo siku zote:
"Ni yeye, au ni wewe?"
Kwa kawaida jibu huja upesi, na mzaha juu yake.
Safari hii birika lilichemka kwanza.
"Ni mimi,"
akasema, kwa lafudhi ya Akita
ambayo mkewe hakuwa ameisikia
tangu siku ya posa.