Mizani ya Nenthead

Jumanne, dakika tano kabla sijafunga posta,
Wilf Teasdale anaingia na kitako cha bunduki kwapani,
kimeviringishwa kwenye taulo la jikoni.
Bunduki yenyewe ameiacha nyumbani, kabatini, chini ya kufuli.
"Nipimie. Mizani yangu ya unga imekufa."

Kilo mbili na gramu mia moja na kumi.
Mbao ya mjozi, na ndani, kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe,
kipande cha risasi, kikubwa kama kipande cha sabuni ya mche.

Lugha yangu ni bahili hapa:
madini yale na kile kinachoruka, vyote inaviita risasi.
Ya Wilf inayoruka ni nusu gramu tu.
Hii inayokaa ni mia saba na arobaini,
kazi yake kumtuliza mdogo wake.
Babu yake Wilf aliichimba kwenye kilima hikihiki
mpaka mshipa ukakauka, yakabaki mashimo na kondoo.

Mwezi wa pili, huko Hexham, walimpasua bega.
Daktari akasema: usiinue kinachozidi kilo nne.
Bunduki nzima ni tano na nusu.

Ananieleza, na Bi Raine nyuma yake ameshika bahasha yake,
anajifanya hasikii.
Hii haili baruti. Tumboni ina springi na pistoni.
Ukivuta kifyatulio, pistoni inachomoka
kama mbuzi aliyekata kamba,
inagonga ukuta wa mbele,
na mtutu unashtuka kabla risasi haijauaga mdomo wake.
Ukiibana, inakukosesha.
Inataka ilazwe kiganjani, isishikwe.
Basi watu huongeza uzito, mshtuko ukose pa kwenda.

Akapunguza robo. Akaniletea karatasi ya shabaha:
mita thelathini na tano, matundu matano,
peni tano ingeyafunika yote.
Akapunguza nusu: sarafu ya pauni mbili.
Akaitoa yote, akabadilisha darubini,
akakiranda kitako hadi kikawa shingo ya bata:
kisosi cha chai, na tundu moja nje ya kisosi.
"Kilo nne na gramu kumi," nikamwambia.
"Daktari hana mizani ya posta," akasema.

Kwetu mizani ni ya shairi pia.
Usiku ule nikahesabu kwa vidole, nane kwa nane:
*Nzito haitikisiki, nyepesi hutoa siri.*
Ikakaa sawa. Asubuhi nikamfasiria kwa Kiingereza,
ikapungua njiani, nusu nzima.
Hata hivyo alisimama mlangoni kitambo, mvua ikimlowesha mgongo.

Jumapili, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa,
kunguru wa bati, panya wa bati, sungura wa bati,
kila mmoja na kamba ya kumwinua akianguka.
Mwaka jana Wilf aliwalaza ishirini na sita kati ya thelathini.
Safari hii, kumi na saba.
Nilimwona akipiga goti, akipumua, akingoja;
nikaona ncha ya mtutu ikifuata mapigo ya moyo wake,
juu, chini, juu,
jambo ambalo ile nzito haikuwahi kulisema mbele za watu.
"Miaka yote ilikuwa inanifichia," akasema,
akapangusa pua, akaomba chai.

Jumatano amerudi na kijisanduku kimezungushiwa utepe wa gundi mara nne.
Jina juu yake: Tamsin, binti wa binti yake, Kelso,
miaka kumi na tisa, mabega ya mpiga makasia.
Nakiweka juu ya mizani. Najua kabla namba hazijatulia.
"Cha haraka?" namuuliza.
Anasugua bega, polepole,
kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.
"Daraja la pili," anasema. "Bado hajaanza kutetemeka."