Mzigo au Abiria

Alianguka kwenye banda langu la kuku, Makangale,
asubuhi ya mvua za vuli,
bawa moja limefunguka kama mwavuli uliovunjika.
Kuku ishirini wakapiga kelele, jogoo akanyamaza.
Hapo nikajua si mwewe.
Mwewe nawajua, wezi wa jirani,
hukwapua, huondoka, na jioni tunawatukana.
Huyu hakukwapua kitu. Kalowa, anatetemeka,
ana macho ya mtu aliyeshuka kituo sicho.

Mguuni pete. Mgongoni kidude
sawa na kiberiti, kina waya mwembamba kama sharubu za kamba.
"Katumwa," akasema Bi Mwanakombo kutoka uani kwake,
"na aliyemtuma anatuona sasa hivi. Vaa mtandio."
Nikavaa mtandio.
Vijana wakaja na mawe.
Nikakaa mlangoni mwa banda, nikasema
anayetaka kumuua aanze kunilipa
vifaranga wangu kumi na mmoja walioliwa na paka wao.
Wakatawanyika. Deni nalo ni ngome.

Asaa wa msitu wa Ngezi akaja na baiskeli,
kavaa glavu za nduguye mchomea vyuma.
Akaisoma pete: herufi mbili, tarakimu nne.
Akapiga picha, akatuma.
Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

Ni tai, hajatimiza hata mwaka,
kaanguliwa juu ya msonobari katika nchi ambako maziwa
(ya maji, si ya ng'ombe)
hugeuka jiwe wakati wa baridi.
Huko yuko mwanamke kazi yake kuhesabu viota.
Ana miaka hamsini na sita na hupanda mti kwa kamba,
huvisha makinda pete,
kisha hukaa mbele ya kioo akitazama nukta zinashuka kusini.
Tai hawapendi bahari, alieleza, hupita bara.
Huyu upepo ulimtoa safuni.
Siku mbili nukta haijasogea
na siku mbili yeye hajalala.
Aliuliza: hapo iliposimama, pana nini?
Nikamwambia Asaa, mwandikie:
pana banda la makuti, na mie.

Siku tisa nilimlisha maini.
Ya kuku, ndiyo. Ningefanyaje?
Ya kumi tukamtia kwenye kasha lenye matundu
tukateremka naye Wete, kwenye meli ya Tanga,
akaachiwe bara awafuate wenziwe.
Karani akainua kalamu: "Mzigo au abiria?"
Asaa akacheka. Mie sikucheka.
"Siku hizi," karani akasema, "kinachopumua huandikwa."
Akaandika: tai, mmoja.
Akanakili herufi mbili, tarakimu nne. Akagonga mhuri.

Dada yangu Mgeni alipanda meli usiku, mwaka ule,
anarudi kutoka Unguja na mto wa sufi
na doti mbili za kanga za harusi ya binamu.
Tulipokwenda kuuliza, orodha ilisomwa mpaka mwisho,
ikasomwa tena.
Hakuwamo.
Kwa karatasi ile, hakuondoka,
basi hakupotea.
Hapakuwa na nukta iliyosimama mahali
mtu akasema, hapa pana nini?
Tuliokosa usingizi ni sisi,
na sisi hatukujua pa kutazama.

Sina kinyongo na tai.
Kasha nililishika mwenyewe mpaka pembe zikalowa jasho.

Ijumaa Asaa hupita na simu yake.
Kavuka Rufiji. Kalala Ruvuma.
Bi Mwanakombo huja kusikiliza, na mtandio wake.
Namba yangu ya simu mpaka leo siikumbuki,
lakini ile ya pete naijua kwa moyo.
Huisema nikifunga banda usiku,
mkono kwenye komeo, nahesabu:
kuku kumi na saba,
tai mmoja,
Mgeni.