Jino la Shangazi Mbeleje

Tunangoja saa saba usiku
malori ya kokoto yapungue barabara ya Singida,
maana mashine hii husikia kila kitu:
mlango wa choo ghorofa ya chini,
mlinzi Chedego akibadili mguu wa kuegemea,
upepo wa Julai, upepo wa Dodoma, ukikuna mabati.
Kwake yote hayo ni tetemeko.

Chini ya darubini nimebandika nusu ya jino,
limesuguliwa hadi linang'aa kama kioo cha saa.
Gego la shangazi Mbeleje wa Kintinku.
Alinipa ndani ya pakiti ya majani ya chai:
"Lipime basi, msomi,
utuambie meno yetu ya kahawia yana kosa gani."

Sindano ni ya almasi. Ncha yake
usiitafute kwa macho.
Inashuka. Inagusa. Inasita kama mgeni
asiyejua kama hodi yake imesikika,
kisha inasukuma
kwa uzito ambao sisimizi asingeujali.

Kwenye kompyuta mstari unapanda, unapinda, unarudi,
ila haurudi ulikotoka.
Kazi yangu ipo hapo, katika pengo hilo:
kile ambacho jino limesamehe,
na kile lililokiweka moyoni.

Ukingoni, penye doa,
linabonyea upesi, kama udongo wa mvua ya kwanza.
Hatua mbili ndani
(hatua, nasema; unywele mmoja ungezifunika zote)
gumu. Gumu kama neno lake.
Miaka sitini na mitatu ya ugali wa uwele,
vumbi la jiwe la kusagia,
maji ya pampu yenye ladha ya sarafu,
na ule mwaka ng'ombe walipokwisha
asilie, akasaga meno tu.
Yote yamo humu. Sina kipimo cha kuyatenganisha.

Saa kumi kasoro umeme ukakatika.
Alama kumi na saba, kati ya ishirini na tano.
Nikakaa gizani na jino.

Asubuhi akapiga simu. Matokeo hakuyauliza.
"Limeumia?"
Limebonyea kidogo sana, shangazi,
labda sehemu ya elfu ya unywele.
Kimya. Nikasikia jogoo wake, kisha ndoo.
"Si umeshasema ndiyo?
Ukimaliza lirudishe. Mwenzake yuko huku,
bado anatafuna."